Kazi ya Mpimaji Isigeuzwe Kazi ya Polisi

Hakuna mji uliopata kutengenezwa kwa kuwafukuza wakazi wake. Historia ya jiji la Dar es Salaam yashuhudia hivyo, na yafaa askari wa jeshi na polisi waifahamu, maana mara nyingi wao ndio waliotumwa kumaliza kwa rungu kazi iliyopasa kuanzwa kwa kupima viwanja.

Mji huo ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao. Waingereza walipouteka mwezi Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, upande waliotengewa Waafrika. Maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa njaa na maradhi wakiwa wamejitwika shehena za majeshi. Jina la Kariakoo ndilo kumbukumbu yao.

Katika utawala huo Mwafrika alihesabiwa mpita njia mjini. Zilitakiwa nguvu zake, wala hayakufikiriwa makazi yake. Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika walioitwa wasiotakiwa. Polisi waliwakamata na kuwarudisha makwao, lakini wengi wao walirejea.

Baada ya Uhuru watu waliongezeka kwa kasi kubwa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu mjini watu 272,821. Ile ya mwaka 1978 ilihesabu katika mkoa mzima watu wapatao 843,000. Bandari, viwanda na reli ya TAZARA, iliyoiunganisha Zambia na bahari katikati ya miaka ya 1970, vyote viliita mikono ya kazi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda na kujenga nyumba bora mahali pake, lakini gharama zilikuwa kubwa na nyumba zilikuwa chache. Ndipo katika miaka ya 1970 Serikali ikabadili njia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja ili wananchi wajijengee wenyewe, na Manzese ikatengenezwa badala ya kubomolewa. Njia hiyo ilikuwa ya hekima. Upungufu wake ni kwamba waliohitaji viwanja walikuwa wengi kuliko viwanja vyenyewe.

Mwaka 1983 unatoa fundisho la pekee. Shirika la usafiri, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, lilikuwa limelemewa kwa uhaba wa mabasi na vipuri. Magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kificho, na polisi waliyakamata. Mwaka huo Serikali iliyaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na hapo likazaliwa jina la daladala. Wafanyakazi wakapata usafiri, na polisi wakapumzika na msako usio na mwisho.

Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi. Watu wasio na kazi ya kutambulika walikusanywa mitaani na kupelekwa mashambani, kama ilivyofanyika katika operesheni ya mwaka 1976. Wengi walirudi mjini, kwa kuwa sababu zilizowaleta hazikuguswa. Basi katika mwaka mmoja njia mbili zilijaribiwa: ile iliyokidhi haja ya watu ilidumu, na ile iliyowafukuza ilififia.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani Dar es Salaam watu 5,383,728. Mabasi ya mwendokasi yalianza safari mwaka 2016, lakini sehemu kubwa ya wakazi bado wamo katika mitaa isiyopimwa, ambako gari la zimamoto hukosa njia ya kupita. Mafuriko ya Desemba 2011 yalileta maafa katika bonde la Msimbazi, na kaya za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, katika viwanja vilivyopimwa baada ya watu kufa. Laiti vingalipimwa kabla.

Sheria lazima ilindwe, na anayejenga juu ya mkondo wa maji azuiwe. Lakini askari anapotumwa kumwondoa, awepo mpimaji aliyekwisha kumtangulia, mwenye mahali pa kumwonyesha. Pasipo hivyo, aliyeondolewa leo atakutwa kesho palepale, na askari atatumwa tena.