Kati ya Kughani na Kunena: Sauti ya Mwigizaji wa Kiswahili

Utungo wa Kiswahili wa mwambao haukutungwa usomwe kimya. Ulitungwa ughaniwe: utenzi kwa mahadhi yake, shairi kwa mahadhi yake, na sikio la msikilizaji likingoja kina kama mvuvi angojavyo maji kujaa. Lakini mghani, hata akisimulia vita na vifo, hubaki yeye yule. Hajigeuzi shujaa wala adui. Mwigizaji hana ruhusa hiyo. Hutakiwa aiweke kando nafsi yake na kunena kwa kinywa cha mtu mwingine, mbele ya watu, kana kwamba maneno yamemjia papo hapo. Akighani, hadhira humsifu sauti na kumsahau mhusika. Akisema kama asemavyo sokoni, utungo humfia mdomoni. Historia ya uigizaji wa Kiswahili wa zama zetu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mvutano huo.

Ajabu ni kwamba mmoja wa waliofungua mlango wa historia hiyo hakuzaliwa Mvita wala Unguja. Alitoka Mara, kwenye maji yasiyo chumvi. Huko Bukima, ukingoni mwa Ziwa Victoria, mtoto hulelewa kwa Kijita. Butiama, kwa Kizanaki. Kiswahili kilifika pande hizo kikiwa lugha ya shule, ya soko na ya serikali. Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito, alizaliwa Butiama mwaka 1922, na mwaka 1934 akaingia shule ya Mwisenge mjini Musoma. Ngano za jioni alizisikia kwa lugha ya mama; vina na mizani vya mwambao alikuja kujifunza baadaye, kama mgeni ajifunzavyo adabu za nyumba aliyokaribishwa.

Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare. Mwaka 1969 aliitoa upya, ikisahihishwa, kwa jina la *Juliasi Kaizari*, na mwaka huo huo ikatoka *Mabepari wa Venisi*. Wengi wamezizungumza kazi hizi kwa jicho la siasa. Neno “bepari” limechangia: asili yake ni neno la Kihindi la mfanyabiashara, lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kuwa neno la lawama. Kwa mwigizaji, hata hivyo, jambo zito liko kwingine. Nyerere aliifuata mistari ya Shakespeare bila kuifunga kwa vina. Kwa hiyo mwigizaji alipewa mistari ya Kiswahili iliyo utungo, lakini isiyojighani yenyewe.

Na atazame tukio la mazishi ya Kaizari. Brutus huwahutubia Warumi kwa nathari. Antony hupanda baada yake na kunena kwa utungo, naye ndiye anayeugeuza umati. Mwigizaji wa Antony hana kina cha kuegemea. Hana budi kuipata nguvu ya mstari katika maana, katika pumzi, katika mahali pa kunyamaza. Ufundi huo haukuwa na mwalimu katika mapokeo ya kughani.

Kwamba lugha ya jukwaani si jambo dogo, Wagiriki ni mashahidi. Mwaka 1903, mjini Athens, *Oresteia* ya Aeschylus ilipoigizwa kwa tafsiri ya Kigiriki cha siku zile, wanafunzi waliingia barabarani kuipinga, na damu ikamwagika. Swali lao lilikuwa: mashujaa wa kale wanene kwa lugha ya nani? Swahilini hakuna aliyeuawa kwa tafsiri, ila swali lilikuwa lile lile. S. S. Mushi alitoa *Makbeth* mwaka 1968, kisha *Mfalme Edipode* ya Sophocles mwaka 1971, na mwigizaji wa Kiswahili akatakiwa kulia kilio cha Thebes kwa lugha ya Dar es Salaam.

Wakati huo huo watungaji wa nyumbani walikuwa wakitafuta njia zao. Palikuwapo vichekesho, vilivyochezwa bila andiko, ambamo mwigizaji aliyategemea macho, mwendo na wepesi wa ulimi. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alivichota katika *Alikiona*. Mwaka 1969 alitoa *Kinjeketile*, tamthilia ya vita vya Majimaji, na humo akamtwika mwigizaji mzigo mpya: mtu aliyepagawa, aliyetoka mtoni akiwa na maneno ambayo mwenyewe, fahamu zikimrudia, hayaelewi. Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1967, ikawa mahali pa kuutazama uigizaji kama elimu. Penina Muhando na Amandina Lihamba walikulia na kufundisha humo.

Lakini nje ya chuo sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya ngonjera. Mathias Mnyampala aliwapa wanafunzi na wanasiasa utungo wa majibizano, wenye vina na mizani: mmoja hauliza, mwingine hujibu, mwisho asiyejua huongoka. Ngonjera ilisambaa shuleni na mikutanoni, ikawafikia wengi ambao tamthilia haikuwafikia. Gharama yake ni kwamba mwigizaji alirudi kuwa mkariri. Katika ngonjera mtu hashawishiki kweli. Huingoja zamu yake. Brutus na Antony hawakupata nafasi humo.

Labda ndiyo sababu Hussein, aliyemaliza masomo ya uzamivu Berlin ya Mashariki mwaka 1975, aligeukia upande mwingine. Katika *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, zilizotoka pamoja mwaka 1976, alimrudisha mtambaji. Mtu mmoja husimama na kuubeba ulimwengu mzima kwa utungo usiofungwa na arudhi: ni msimulizi, ni kijiji, ni mnyama, kisha ni msimulizi tena. Hapo kughani na kunena vilikaa kifua kimoja. Utambaji huo bibi wa Bukima angeutambua, na mghani wa Lamu vilevile.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Katika miaka ya 1990 televisheni ilienea Bara, ikifuatwa na filamu za mikanda na za diski. Kipaza sauti kilimpunguzia mwigizaji haja ya kuijaza pumzi. Kamera ikamfundisha kunong’ona. Hilo nalo ni ufundi. Ila mstari mrefu wa utungo hautaki kunong’onwa. Hutaka mtu mwenye pumzi, asimame mbele ya watu wenye subira.

Tafsiri za Butiama zimedumu vitabuni, na kitabu ni hifadhi njema. Lakini tamthilia isiyotamkwa ni kama ngalawa iliyoanikwa mchangani: mbao nzima, tanga limekunjwa, na maji yapo hatua chache mbele yake.