Matokeo ya jana kwenye simu ya leo: namna ya kufuta akiba ya kivinjari

KATIKA kijiji cha Mtae, wilayani Lushoto, ambako milima ya Usambara inakatika ghafla na kuacha tambarare za Mkomazi zikionekana chini kabisa, ukurasa mmoja wa tovuti unaweza kumgharimu mtu siku nzima. Kijiji hicho kiko zaidi ya kilometa 50 kutoka Lushoto mjini, kwa barabara ya milimani inayopitia Lukozi na Sunga. Mzazi anayetafuta matokeo ya mtihani wa mwanawe, akakuta maandishi yamepandana au tangazo ni lile lile la wiki iliyopita, anaweza kuamua kupanda basi kwenda mjini kumtafuta mwenye kompyuta.

Pengine safari hiyo haikuhitajika. Tovuti inaweza kuwa nzima kabisa, na kasoro ikawa katika nakala iliyobaki ndani ya simu yake mwenyewe.

Kila ukurasa unapofunguliwa, kivinjari, yaani programu inayotumika kusomea tovuti, huhifadhi baadhi ya vitu vyake: picha, nembo, na mafaili yanayoelekeza rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio wa majedwali. Hifadhi hiyo ndiyo huitwa akiba. Mtu anaporudi kwenye tovuti ile ile, kivinjari huchukua vitu hivyo hapo hapo kwenye simu badala ya kuviagiza upya, na hivyo ukurasa hufunguka haraka na kifurushi cha intaneti hakiliwi bure.

Utaratibu huo una historia ya kutosha Afrika Mashariki. Kabla mkongo wa baharini wa Seacom haujaanza kazi Dar es Salaam mwezi Julai 2009, mawasiliano ya intaneti na nchi za nje yalitegemea zaidi setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mgahawa wa intaneti wenye kompyuta kumi ungeweza kuweka kompyuta moja ya kati ya kutunza nakala za kurasa zinazosomwa sana, ili wateja wote wagawane nakala moja. Siku hizi kurasa nyingi husafirishwa kwa njia ya siri, kwa hiyo mtu wa kati hawezi kuzitunza kwa urahisi kama zamani. Nakala inayomhusu msomaji ni ile iliyo mkononi mwake, pamoja na zile ambazo mwenye tovuti hutunza upande wake.

Tatizo huanza pale tovuti inapobadilishwa. Kivinjari kinaweza kuleta maandishi mapya huku kikitumia mafaili ya zamani ya mpangilio, na matokeo yake ni menyu iliyofunika habari au jedwali lililotoka nje ya kioo. Hapa lawama si ya msomaji. Ni mwenye tovuti anayekiambia kivinjari kitunze faili kwa muda gani, na si ajabu kukuta ameandika sekunde 31,536,000, ambazo ni mwaka mzima. Fundi makini hubadilisha jina la faili kila anapolirekebisha, nacho kivinjari hulazimika kuchukua jipya. Asiyefanya hivyo huwaachia wasomaji kazi ya kusafisha.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika yaliyotokea mwaka 2013. Mwezi Februari mwaka huo yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Mwezi Mei serikali iliyafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya, na kabla ya mwezi huo kwisha yakatangazwa mengine. Katika hali kama hiyo, ukurasa mpya ukiwekwa kwenye anwani ile ile ya zamani, simu iliyotunza nakala ya kwanza inaweza kumwonyesha mwanafunzi sifuri ambayo imekwisha kufutwa.

Hatua ya kwanza ni kuupakia ukurasa upya. Kwenye kompyuta, kubonyeza Ctrl pamoja na F5 hukilazimisha kivinjari kuagiza kila kitu upya. Kwenye simu, kipimo chepesi ni kufungua anwani hiyo katika hali fiche, ambayo haitumii akiba ya kawaida. Ukurasa ukionekana vizuri huko, mkosaji amejulikana.

Kwa anayetumia Chrome kwenye simu ya Android, hugusa nukta tatu zilizo pembeni, kisha sehemu ya kufuta data ya kuvinjari, akachagua picha na mafaili yaliyoakibishwa peke yake. Kosa kubwa hufanyika hapa. Wengi huweka alama kila mahali, wakafuta na vidakuzi, na mara hiyo hutolewa kwenye akaunti zao nyingi. Aliyesahau neno lake la siri la kuombea mkopo wa masomo atajuta. Akiba ya picha na mafaili ikifutwa peke yake, maneno ya siri hayaguswi.

Aidha, kufuta si bure. Kila tovuti itaanza kupakuliwa upya, na kwa mwenye kifurushi kidogo hiyo ni hasara, hivyo hakuna haja ya kufanya hivyo kila siku kama wafanyavyo baadhi ya watu wakidhani simu itakuwa nyepesi. Anayetumia kompyuta ya mgahawa ana wajibu tofauti: kabla ya kuondoka atoke kwenye akaunti zake na afute vyote, historia na vidakuzi vikiwamo, kwani anayekalia kiti baada yake hamjui.

Zipo kasoro ambazo dawa hii haiziponyi. Siku ya matokeo, tovuti huweza kuelemewa na wingi wa watu ikakataa kufunguka; hapo akiba haihusiki, na kufuta kunampotezea mtu hata ile nakala aliyokuwa nayo. Simu ya zamani yenye kivinjari kisichosasishwa nayo itaendelea kuvuruga kurasa mpya. Kwa mtu wa Mtae, kipimo cha mwisho kabla ya kukata tiketi ya basi ni kuazima simu ya jirani na kufungua anwani ile ile.