Upogoaji wa mawaridi ya kichaka

Kupogoa mawaridi ya kichaka ni kuyapunguza matawi mawaridi mafupi yanayochanua mfululizo, mfano ‘The Fairy’, aina ya Uingereza ya mwaka 1932, na ‘Knock Out’, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2000. Mafunzo ya bustani huwawekea wapogoaji masharti makali: tawi likatwe kwa mshazari, milimita chache juu ya jicho (kichipukizi kilicholala kwenye tawi) linalotazama nje. Kwa waridi la maonyesho, lenye ua moja kubwa juu ya bua refu, masharti hayo yana maana. Kwa vichaka vya nyumbani yamekuzwa kupita kiasi. Katika majaribio ya Royal National Rose Society mjini St Albans, Uingereza, mawaridi yaliyofyekwa kwa mashine ya kupunguzia michongoma yalichanua vizuri sawa na yaliyopogolewa kwa utaratibu, na mengine yakayapita. Si ajabu. Mawaridi haya hutoa maua kwenye machipukizi mapya, na jicho lolote lenye afya laweza kuchipua. Tena kichaka kilichobakiwa na majani mengi hujitengenezea chakula zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kisiki kilichoachwa juu ya jicho hukauka na kukaribisha kuvu. Hukauka kweli, lakini kwenye mmea wenye nguvu ukavu huo kwa kawaida hukomea kwenye jicho la chini yake. Hatari kubwa zaidi iko kwenye matawi yaliyokufa au yanayosuguana, mkasi mchafu, na majani yenye madoa meusi yaliyoachwa chini ya kichaka. Hapo ndipo mpogoaji atumie muda wake. Hoja nzito zaidi ni ya majira. Ushauri wa Ulaya husubiri mwisho wa baridi, ilhali Limuru, Kenya, au Lushoto, Tanzania, waridi halilali. Huko kalenda ni mvua: kichaka hupunguzwa takriban theluthi ya kimo chake mwishoni mwa kiangazi, machipukizi yakute unyevu ardhini. Kati ya misimu inatosha kuondoa maua yaliyonyauka.

Mawaridi yanayochanua mara moja tu kwa mwaka hayamo katika hukumu hii. Mengi ya hayo hutoa maua kwenye matawi ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo hupogolewa mara tu baada ya kuchanua. Ukiyakata kabla, umeyakata na maua yake.