Waliotangulia Kukimbia: Deni la Gusii Kando ya Mto Nyakomisaro

Oktoba ina tarehe mbili ambazo Wagusii wa Kisii na Nyamira wangepaswa kuzisoma pamoja. Tarehe 13 mwaka 1968, Naftali Temu wa Mugirango Kaskazini aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 jijini Mexico. Tarehe 20 mwaka 2020, taifa lilikutana katika Uwanja wa Gusii mjini Kisii kuadhimisha Siku ya Mashujaa, uwanja ukiwa umekarabatiwa kwa ajili ya siku hiyo. Viongozi walihutubia, wakaondoka, na uwanja ukarudi kwa mashabiki wa klabu ya soka ya Shabana. Lakini kijana anayetaka kukimbia taratibu alfajiri hana pa kukanyaga ila ukingo wa lami, akipishana na matatu na bodaboda. Kumbukumbu inayowafaa wakimbiaji wa Gusii ni njia ya udongo, laini na tambarare, inayoteremka kutoka uwanjani na kufuata Mto Nyakomisaro.

Wanaodhani riadha ya Kenya ilizaliwa Iten, katika Bonde la Ufa, wamesahau jina la Nyandika Maiyoro. John Bale na Joe Sang, katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu mbio za Wakenya, wanaonyesha jinsi ukoloni ulivyoleta riadha kupitia shule, majeshi na maofisa wa wilaya, mpaka chama cha riadha kikaundwa mwaka 1951. Katika mfumo huo Mgusii huyu aliwahi kuonekana mbele ya wengine. Mwaka 1953 alipelekwa Antananarivo, Madagascar, kukimbia mita 3,000. Mbio zilianza kabla hajawa tayari, na alipoanza kukimbia wenzake walikuwa wamemwacha karibu mita 100. Aliwafikia, akawapita, akashinda. Mwaka uliofuata alikuwa London, katika uwanja wa White City, kwenye mbio za maili tatu. Wakati huo Waingereza wengi waliamini kwamba Mwafrika anafaa mbio fupi tu, hana subira ya kugawa nguvu zake. Maiyoro alichomoka na kuongoza, akiwalazimisha Freddie Green na Chris Chataway kumfukuza. Walimpata na kumpita, lakini Green alimaliza kwa rekodi ya dunia, na Maiyoro akawa wa tatu. Wiki chache baadaye alikuwa wa nne Vancouver katika michezo ya nchi za Dola ya Uingereza. Alimaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na wa sita Roma mwaka 1960. Hakuleta medali ya Olimpiki, na pengine ndiyo sababu anatajwa kwa haraka. Lakini bila yeye nani angethubutu kusema kwamba Mkenya anaweza masafa marefu?

Waliomfuata walileta medali. Arere Anentia alipata shaba ya maili sita katika michezo ya Dola huko Cardiff mwaka 1958. Temu alimshinda Ron Clarke wa Australia katika michezo hiyo huko Kingston mwaka 1966, kisha kule Mexico, katika hewa nyembamba ya zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, akamwacha Mamo Wolde wa Ethiopia kwenye mita za mwisho kabisa. Katika timu ya wanne iliyotwaa dhahabu ya kupokezana kijiti ya mita 400 mara nne, katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, watatu walikuwa Wagusii: Charles Asati, Hezahkiah Nyamau na Robert Ouko. Yobes Ondieki akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991, na mwaka 1993, Oslo, akawa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27.

Atatokea wa kusema kwamba mabingwa sasa wanatoka Bonde la Ufa kwa sababu ya damu na mwinuko, na kwamba njia ya mtoni haiwezi kubadilisha hilo. Mwinuko una uzito wake: Iten iko juu zaidi ya Kisii kwa mamia ya mita. Lakini mwinuko huo ulikuwepo hata Maiyoro alipokuwa akiongoza. Kilichoongezeka Iten ni shule ya St. Patrick's, mwalimu Colm O'Connell aliyefika mwaka 1976, na njia za udongo ambazo mtu hukimbia kila siku bila kuumia. Ondieki mwenyewe alikomaa katika chuo kikuu cha Iowa State, Marekani. Sehemu kubwa ya kilomita za mkimbiaji wa masafa ni mbio za taratibu, na kwenye miteremko ya vilima vya Nyanchwa na Manga mahali pa kukimbia hivyo ni bondeni tu.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, ambayo ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,300 na kidogo, na hakuna mkulima atakayemegewa shamba ili wengine wafanye mazoezi. Wala haifai amegewe. Kanuni za mazingira tayari zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto uachwe bila majengo. Nyakomisaro leo unabeba taka za mji, na nyumba zimeusogelea hadi ukingoni. Njia ya miguu ingeupa ukanda huo watu wa kuupita kila siku, na ukanda unaopitwa kila siku ni vigumu kuunyakua usiku. Kazi ya kwanza ni ya wapima ardhi wa kaunti: waweke mawe ya mpaka pande zote mbili za mto, kuanzia mjini, kabla kibali kingine cha ujenzi hakijatolewa.