Macho Yaliyotangulia Programu

Wanafunzi wangu hapa Dar es Salaam hupakua data ya kigunduzi cha CMS ambayo CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, ilianza kuitoa kwa umma mwaka 2014. Programu yao husoma tukio, yaani mgongano mmoja wa protoni, huangalia kama lina chembe mbili ziitwazo muoni, hukokotoa tungamo lao la pamoja, hujaza histogramu, kisha huenda kwenye tukio linalofuata. Kilele cha chembe Z kinapochomoza karibu na GeV 91, darasa hulipuka kwa shangwe. Hapo ndipo ninapowaambia habari za wanawake wa Bristol, Uingereza, walioifanya kazi hii kwa macho.

Mwanafizikia Cecil Powell aliwaajiri wakae kwenye hadubini kutwa nzima, wakipekua sahani za picha zilizopelekwa milimani zipigwe na miale ya kosmiki. Mwaka 1947 Marietta Kurz aliona mstari wa chembe iliyoishiwa mwendo, na nchani pake mstari mwingine ukianza. Chembe iliyosimama ilikuwa pioni. Powell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950, na namheshimu kwa kuwa aliwataja wapekuzi wake katika machapisho.

Kisha likaja tangi la viputo, ambamo chembe huacha mistari ya viputo inayopigwa picha. Katika maabara ya Luis Alvarez kule Berkeley, picha zilimwagika kwa maelfu. Wapekuzi, wengi wao wanawake, walipewa maagizo ya maandishi: mistari ya aina hii iandike, ya aina ile iache. Vipimo vyao viliingizwa kwenye kompyuta. Kwangu mimi, maagizo yale ndiyo asili ya kila sharti la kuchagua matukio tunaloandika leo katika programu.

Kazi ya uchambuzi ilipohamia kwenye kompyuta, CERN ilikuwa na programu za HBOOK na PAW kwa lugha ya Fortran; katikati ya miaka ya 1990 René Brun na Fons Rademakers wakaanzisha ROOT kwa C++. ROOT huhifadhi matukio kwa safuwima, hivyo anayetaka kasi-tungamo pekee hasomi mengine yote. Ni ubunifu mkubwa.

Lakini kuna uwezo tuliouacha nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika picha za Gargamelle, tangi la viputo la CERN, mtu aliweza kusita mbele ya elektroni iliyokaa peke yake na kujiuliza imesukumwa na nini. Jibu lilikuwa antinyutrino. Sharti langu halisiti. Kwa hiyo kabla sijapokea kazi ya mwanafunzi, namtaka afungue baadhi ya matukio ambayo programu yake imeyakataa, ayachore moja moja kwenye skrini, na anieleze kwa maneno yake alichokiona.