Virukanjia wa Milima ya Tanzania na Orodha Isiyokamilika

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeasisi utaratibu wa kumpa kila kiumbe majina mawili, la kwanza la jenasi, yaani kundi la jamaa wa karibu, na la pili la spishi yenyewe, aliwaingiza katika jenasi ya virukanjia, Sorex, wanyama watatu tu, na wawili kati yao walikuja kubainika kuwa ni fuko wa Amerika Kaskazini. Kwa muda mrefu jina la kirukanjia lilitolewa kwa kuangalia pua, na ndiyo sababu George Shaw alipompa jina sange wa kusini mwa Afrika mwaka 1800 alimweka naye katika Sorex, ingawa leo inafahamika kwamba ukoo wa sange uko karibu zaidi na tembo, pimbi na muhanga.

Waliofuata waliacha pua wakafungua kinywa. Virukanjia wengi wa Afrika ni wa jenasi Crocidura, wenye meno meupe, tofauti na Sorex wa kaskazini ambao ncha za meno yao ni nyekundu kwa sababu ya madini ya chuma. Kila upande wa taya la juu Crocidura huwa na meno matatu madogo yenye ncha moja, ilhali jenasi za Suncus na Sylvisorex huwa na manne; hivyo jino moja dogo mno, lisiloonekana vizuri bila lenzi, laweza kumhamisha mnyama kutoka jenasi moja hadi nyingine.

Hata hivyo meno huhesabika kwa mnyama aliyekwisha kukamatwa, na hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Oldfield Thomas wa jumba la makumbusho la London alimtambulisha Crocidura monax wa Kilimanjaro mwaka 1910, na watafiti Allen na Loveridge wakamtambulisha Myosorex geata wa Uluguru mwaka 1927, lakini mitego ya panya, inayotegemea chambo na uzito wa mnyama, ilikuwa ikiwapita virukanjia wengi wenye gramu chache tu. Chombo kilichofaa zaidi kilikuwa cha kawaida kabisa: ndoo za plastiki zilizofukiwa ardhini kwa mstari, midomo yake ikiwa sawa na udongo, na karatasi ya nailoni ikasimamishwa juu yake kama ukuta, ili mnyama anayeuambaa gizani atumbukie. William Stanley wa jumba la makumbusho la Chicago aliitumia njia hiyo kwa miaka mingi akishirikiana na Watanzania. Myosorex kihaulei wa Udzungwa alitangazwa mwaka 2000, na Congosorex phillipsorum mwaka 2005, huyu wa pili akitoka msitu wa Ndundulu, mbali sana na jamaa zake wa bonde la Kongo.

Baada ya ndoo ikaja jenetiki. Mwaka 2015 Stanley na wenzake walilinganisha mafuvu na vinasaba vya virukanjia wa mlima mmoja baada ya mwingine, wakatangaza spishi mpya tatu, Crocidura mdumai, Crocidura munissii na Crocidura newmarki, na monax, ambaye jina lake lilikuwa limetandazwa juu ya milima mingi, akabakiziwa Kilimanjaro na Upare wa Kaskazini.