Kivinjari Kinapoielemea Kompyuta: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kukirekebisha

Kazi nyingi za kuvusha mzigo siku hizi hupitia kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama vile Chrome, Edge au Firefox. Hati za forodha, namba za malipo, barua pepe za wateja na ufuatiliaji wa malori vyote vimo humo. Kompyuta ikiganda wakati wakala anajaza hati, dereva aliyeko Tunduma, Rusumo au Malaba anasubiri, na gharama zinaendelea kuhesabiwa. Mara nyingi tatizo si mtandao wala mfumo wa forodha, bali ni kivinjari kilichomaliza nguvu ya kompyuta yenyewe.

Tahadhari ya kwanza: usitume mara mbili

Kivinjari kikiganda baada ya kubofya kitufe cha kutuma, usibofye tena. Huenda ombi la kwanza limekwisha kufika. Fungua kwanza orodha ya hati zako, hata kwa kompyuta nyingine, uone kama imeingia. Usipofanya hivyo unaweza kujikuta na hati mbili za mzigo mmoja, na kufuta moja huchukua muda kuliko kungoja dakika chache.

Kwa nini kivinjari hula nguvu nyingi

Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na utaratibu wa kuendesha kurasa zilizofunguliwa kama kazi zinazojitegemea. Faida yake ni kwamba ukurasa mmoja ukikwama, mingine huendelea. Hasara yake ni kwamba kila ukurasa huchukua sehemu yake ya kumbukumbu ya RAM. Vivinjari vingine vikubwa navyo hufanya hivyo sasa. RAM ikijaa, Windows huanza kutumia diski kama kumbukumbu, na diski ni ya polepole zaidi. Hapo ndipo herufi unayoandika huchelewa kuonekana. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 hufika hapo mapema.

Hatua za kufuata

1. Hakikisha mkosaji ni kivinjari. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itaonyesha programu zote na kiasi cha prosesa na kumbukumbu zinachotumia. Kama iliyo juu ni programu ya kuzuia virusi au masasisho ya Windows, iache imalize kazi yake kwanza.

2. Tafuta ukurasa wenye tatizo. Ukiwa ndani ya Chrome au Edge, bonyeza Shift na Esc. Katika Firefox, andika about:processes mahali pa anwani. Utaona orodha ya kurasa na matumizi ya kila mmoja. Chagua ulio mzito na uusimamishe. Kumbuka kwamba ukurasa ukisimamishwa hivi, yale uliyoandika bila kuhifadhi hupotea. Kama ni hati ya forodha, ihifadhi kwanza.

3. Pima programu nyongeza. Hivi ni vijiprogramu vinavyobandikwa kwenye kivinjari, kama vya kutafsiri, kupakua video au kulinganisha bei. Fungua dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N kwa Chrome na Edge, au Ctrl, Shift na P kwa Firefox. Humo nyongeza huwa zimezimwa isipokuwa zile ulizoziruhusu mwenyewe. Ukurasa uleule ukiwa mwepesi humo, shuku nyongeza kwanza. Rudi kwenye dirisha la kawaida, zima moja baada ya nyingine hadi umpate mkosaji, kisha iondoe kabisa.

4. Angalia kurasa zinazochimba sarafu za kidijitali. Zipo tovuti zinazotumia prosesa ya mgeni kwa siri. Huduma ya Coinhive, iliyojulikana sana kwa kazi hiyo, ilifungwa mwaka 2019, lakini mbinu yenyewe haikufa. Dalili yake ni hii: feni inapiga kelele na prosesa inapanda ukifungua ukurasa fulani, na vyote vinatulia ukiufunga. Usirudi kwenye tovuti hiyo, na ipime kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi.

5. Tumia uwezo wa kulaza kurasa. Chrome na Edge, katika mipangilio ya utendaji, zina swichi ya kupumzisha kurasa usizozitazama. Inaokoa kumbukumbu nyingi. Lakini ukurasa wa kufuatilia malori ukilala, tahadhari zake huenda zisikufikie. Uweke kwenye orodha ya tovuti zisizolazwa.

6. Zima msaada wa kadi ya picha kwa majaribio. Katika mashine za zamani, kadi ya picha hugombana na kivinjari. Swichi yake imo kwenye mipangilio ya mfumo. Izime, anzisha kivinjari upya, kisha pima tena. Usipoona nafuu, iwashe kama ilivyokuwa.

7. Sasisha kivinjari. Chrome toleo la 109, la mwaka 2023, ndilo la mwisho kwa Windows 7 na 8.1. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayefanya malipo ya kodi kwa mashine iliyoachwa nyuma anahatarisha zaidi ya kasi.

Kuhusu kufuta kumbukumbu za kurasa

Wengi hukimbilia Ctrl, Shift na Delete. Hatua hii husaidia ukurasa unapofunguka vibaya au ukionyesha taarifa za zamani, lakini haipunguzi sana matumizi ya RAM. Ukiifanya, chagua picha na faili zilizohifadhiwa tu. Usiweke alama kwenye manenosiri kama huyakumbuki.

Kinga

Tenga kivinjari kimoja kwa kazi ya forodha na malipo tu, bila nyongeza yoyote, na kingine kwa habari na video. Funga kurasa za jana kabla ya kuanza hati ya leo. Kama baada ya hayo yote kumbukumbu bado inajaa, kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8 ni tiba ya kweli kwa mashine inayokubali. Muulize fundi kabla ya kununua, kwani baadhi ya kompyuta za mkononi haziongezeki.